Figo zikisimama kazi, mashine ya dialize si kitu cha kwanza

Mgonjwa wa malaria kali akimaliza siku mbili bila kukojoa, jamaa yake huko Goma, Bukavu ao Butembo huuliza swali moja: mashine ya dialize iko wapi, na inalipwa pesa ngapi? Swali ni la haki. Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, kumhamisha mgonjwa kumezidi kuwa kugumu. Lakini utafiti wa miaka zaidi ya 20 juu ya figo za wagonjwa mahututi unaonyesha kwamba mara nyingi kazi ilipaswa kuanza mapema, kabla ya kufikiria mashine.

Sehemu kubwa ya utafiti huo imebeba jina la Rinaldo Bellomo, daktari wa reanimasio aliyefanya kazi kwenye hospitali ya Austin, mjini Melbourne, Australia. Zamani kila munganga alikuwa na namna yake ya kusema kwamba figo zimeumia. Mwaka 2004, Bellomo na wenzake wa nchi mbalimbali walitoa kipimo kimoja, RIFLE, kinachoangalia vitu viwili: kreatinini ndani ya damu, na mkojo. Mtu akitoa chini ya nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo ya uzito wake kila saa, kwa muda wa saa 6, figo ziko hatarini. Kwa mtu mzima wa kilo 60, ni kusema chini ya mililita 180 katika saa hizo zote, haijazi hata glasi kubwa. Kulijua jambo hilo kunahitaji chombo chenye alama, saa, na muuguzi anayeandika. Umeme hauhitajiki.

Kisha likaja swali la mashine yenyewe. Wengi waliamini kwamba kuchuja damu kwa nguvu zaidi kungeokoa watu wengi zaidi. Utafiti wa RENAL, ulioongozwa na Bellomo huko Australia na New Zealand na kutangazwa 2009, ulifuata wagonjwa 1.508. Waliochujwa kwa nguvu na waliochujwa kwa kiasi walikufa sawasawa: 44,7 kwa mia ndani ya siku 90. Kati ya walionusurika, zaidi ya tisa kwa kumi hawakuhitaji tena dialize siku ya 90. Figo iliyoumia ghafla inaweza kurudi, ikipewa muda.

Mwaka 2020, utafiti mwingine, STARRT-AKI, uliangalia kama ni bora kuwahi mashine. Vifo havikupungua. Tena, kati ya wale ambao waganga waliwangojea kwa uangalizi, karibu 38 kwa mia hawakuwekwa kwenye dialize hata mara moja. Hapa pana mtego: kungojea huko kulifanyika penye vipimo vya damu kila siku. Potasiamu ikipanda sana ao maji yakijaa kwenye mapafu, na dawa zisiposaidia, dialize huhitajika haraka, na kuikosa siku hiyo kunaweza kuleta kifo.

Kwa hiyo Kivu inahitaji mashine. Ila mashine inayotolewa kwa sherehe na picha huja na deni lake. Kikao kimoja cha saa 4 hutumia karibu litre 120 za maji yaliyosafishwa, sawa na bidoni sita za litre 20, katika mji kama Goma ambamo familia nyingi bado zinabeba maji kichwani. Ongeza umeme usiokatika, vichujio, na fundi.

Kinga ni ya bei ndogo zaidi: kumpa maji mapema mtoto anayehara, kutibu malaria kabla haijawa kali, kuwa mwangalifu na jentamisini, na kuacha kumpa diklofenaki mtu aliyekauka maji. Dawa hiyo ya mwisho inauzwa kwenye vioski vya dawa bila ordonansi, na anayeinunua kwa maumivu ya mgongo haulizwi kama amekojoa.

Mkojo hupimwa bure. Kreatinini hulipwa na familia, na pesa zikipungua, mara nyingi ndicho kipimo cha kwanza kuahirishwa.