Chanzo Kimoja, Nakala Nyingi

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilibadili maelekezo ya SP ya kukinga malaria kwa wajawazito: badala ya walau dozi mbili, dozi itolewe katika kila hudhurio lililopangwa tangu kipindi cha pili cha ujauzito, mradi mwezi mmoja umepita baada ya dozi iliyotangulia. Sentensi kama hiyo huhitajika katika mwongozo wa tiba, kitini cha mafunzo, bango la ukutani na simu ya muuguzi. Kila kimoja kikihaririwa peke yake, bango la zamani huendelea kufundisha. Na mama aliyefika zahanati kwa bodaboda kutoka Nyamongo husoma bango, hasomi mwongozo.

Watunzaji wa DHIS2, programu inayobeba takwimu zetu za MTUHA, huandika maelezo ya matumizi mara moja, kwa maandishi ya kawaida yenye alama chache. Kompyuta huyatoa kama kurasa za intaneti na kama kitabu cha PDF. Kosa husahihishwa kwenye chanzo tu.

Miongozo ya tiba nayo itungwe hivyo. Sisemi bango lirefuke kama kitabu, na Kikuria au Kijaluo muuguzi atakizungumza mwenyewe. Lakini sentensi ya dozi iwe ileile kila mahali, na kila nakala ioneshe tarehe ya toleo, ili hata mgonjwa aweze kuuliza bango hili ni la mwaka gani. Kubandua la zamani (kompyuta haibandui karatasi) kuwe jukumu la mtumishi mmoja anayejulikana katika kila zahanati ya Tarime.