KANGOMBA BABA YAKE NI NJAA

KILA msimu wa korosho unapokaribia, wakubwa hupanda magari yenye viyoyozi kwenda Mtwara na Lindi kuwahubiria wakulima ubaya wa kangomba. Eti anayeuza korosho zake nje ya chama cha msingi anahujumu uchumi. Hakuna hata kigogo mmoja anayeuliza huyo mhujumu alikula nini mwezi wa tatu.

Kwa asiyejua, mtu wa kangomba ni mlanguzi anayemfuata mkulima nyumbani, mara nyingine mkorosho ukiwa bado na maua, akampa vijisenti ili mavuno yawe yake. Sheria inataka korosho zote zipite ghalani na mnadani, utaratibu wa stakabadhi ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Oktoba 2024 bei ya mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Tuseme mkulima ana kilo 500, na mlanguzi kampa 1,500 kwa kilo. Hapo kapoteza shilingi 1,250,000. Mnadhani hesabu hiyo haijui? Anaijua, na usiku haimpi usingizi.

Tazama shamba lenyewe. Mkorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Ukiwa mchanga, katikati unapata muhogo, mbaazi na njugu mawe. Ukikua matawi yanakutana, kivuli kinatanda, chini hakioti cha kujaza sufuria. Kule Newala na Tandahimba ziko kaya ambazo mikorosho imezifikia hadi uani. Fedha huingia mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba hadi Januari hivi. Miezi iliyobaki mkulima ananunua unga dukani kama mtu wa Kariakoo, analipa vibarua wa palizi, anamnunulia mtoto sare, na ikifika Juni lazima apulize dawa ya ubwiriunga, la sivyo maua yanakauka. Wengine huingia porini kuchimba ming'oko. Hapo ndipo mlanguzi anapopiga hodi, naye hana fomu za kujaza.

Sasa tuwaulize wenye nchi: fedha za korosho zilikwenda wapi? Korosho ghafi inayouzwa nje hutozwa ushuru, na asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa inarudi kuendeleza zao. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaenda Hazina. Wabunge wa kusini, hata wa chama tawala, walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Novemba mwaka huo huo wanunuzi walipoleta bei ya kitoto, hayati Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na jeshi litasomba. Nakiri nilishangilia, nikiwa mwanafunzi. Lakini ukaja uhakiki, mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake, na malipo ya wengi yakasogea hadi 2019. Miezi ya njaa ikafika, fedha haijafika. Serikali iliyokuwa ikiwasaka walanguzi ikawa imewatengenezea wateja kwa mikono yake!

Simtetei mlanguzi, naomba nieleweke. Wala sikatai kwamba miaka ya karibuni pembejeo za ruzuku zimegawiwa. Ahsanteni. Lakini salfa hailiwi.

Sehemu ya ushuru ule ipelekwe kwenye vyama vya msingi, iwe mkopo wa Februari hadi Septemba, dhamana yake mavuno, makato yake mnadani. Mabwana shamba nao washuke vijijini waonyeshe jinsi ya kupogoa na kung'oa mikorosho iliyozeeka ili muhogo upate jua. Fedha zipo, maana korosho yetu nyingi bado inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na kila tani inalipiwa ushuru kabla ya kupanda meli.

Waziri atujibu basi: Februari ijayo mama wa Tandahimba akienda chama cha msingi kukopa gunia la unga kwa dhamana ya mikorosho yake, atamkuta nani dirishani?