TUJUE WANYAMA: Farasi Mdogo wa Pwani ya Kaspi

Msomaji, mnyama akiwa mdogo watu hudhani upesi kwamba ni duni. Kwa kosa la namna hiyo ukoo mmoja wa farasi, wa zamani sana, ulikaribia kutoweka duniani pasipo mtu kujua.

Mwaka 1965 Bibi Louise Firouz, Mmarekani aliyeolewa na Mwajemi, alikuwa na shule ya kuwafundisha watoto kupanda farasi karibu na mji wa Tehran. Farasi wake walikuwa wakubwa na wakaidi, na watoto waliwaogopa. Akasikia kwamba ng'ambo ya milima ya Elburz, kando ya Bahari ya Kaspi, wako farasi wafupi. Alivuka akafika mji wa Amol, na huko akawakuta wakivuta mikokoteni, wamekonda na kujaa kupe. Akanunua watatu.

Kimo chao hadi mabegani hakikupita futi nne, yaani wastani wa punda wetu. Lakini hawakuwa na tumbo pana na miguu minene kama farasi wafupi wengine. Miguu yao ilikuwa mirefu na myembamba, kichwa kidogo, paji pana, macho makubwa, masikio mafupi, na ngozi laini. Kwato zao ni ngumu hata aghalabu hawahitaji viatu vya chuma. Huruka vizuri sana, na dume lao ni mpole kiasi cha kuongozwa na mtoto, jambo ambalo mwenye kuyajua madume ya farasi atalistaajabia.

Basi Bibi Firouz akakumbuka michoro ya kale. Katika magofu ya Persepolis wamechongwa farasi wadogo wakiletwa kwa mfalme. Tena uko muhuri wa Mfalme Dario, wa miaka 2,500 hivi, uliohifadhiwa katika British Museum mjini London. Juu yake farasi wadogo wanavuta gari, na mfalme anampiga simba mishale. Wataalamu walikuwa wakidhani farasi wa namna hiyo wamekwisha zamani. Mifupa na damu ya hawa wa Kaspi vilipochunguzwa, ilionekana kwamba ni ukoo wa peke yake. Siwalaumu wenye mikokoteni. Mtu mwenye magunia ya mpunga hatazami nasaba, hutazama mgongo.

Katika pwani ile yote walikadiriwa kubaki kama 50 tu. Bibi huyo alianza kuwazalisha kwa majike 7 na madume 6. Mwaka 1971 dume na jike walitolewa zawadi kwa Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, na wengine wakafuata kwenda Ulaya. Ilikuwa bahati kubwa, kwa maana nyumbani mbwa-mwitu waliwashambulia, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 wengi wa waliobaki waliuzwa mnadani, wakaishia kubeba mizigo au kuchinjwa. Bibi Firouz akaanza upya, akiwatafuta mmoja mmoja vijijini. Katika miaka ya 1990 aliweza tena kupeleka saba Uingereza.

Alifariki mwaka 2008 huko huko Irani, akiwa bado anafuga farasi.