Kichwa Kinachotoka, Mpini Unaobaki

VYOMBO VYA KILA SIKU
Na Rehema Shomari

Februari 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mswaki wa betri uitwao Spinbrush. Kichwa chake kilikuwa kikichomoka au kuvunjika mtu akiwa katikati ya kupiga mswaki. Taarifa zilizoifikia mamlaka hiyo zilitaja meno yaliyomeguka, midomo na fizi zilizochanika, vipande vilivyomezwa au kukwama kooni, hata majeraha ya uso na macho. Watumiaji waliambiwa waukague mswaki kabla ya kuutia mdomoni: kichwa kimeshika sawasawa kwenye mpini? Kuna nywele zilizolegea? Wazazi nao waliambiwa wawasimamie watoto wao.

Anayesoma onyo lile anaweza kusema basi, mswaki wa kichwa kinachotoka haufai, turudi kwenye ule wa kipande kimoja. Safu hii ina maoni tofauti. Wazo lenyewe ni zuri kwa usafi, kwa mfuko na kwa jalala. Kinachotaka kazi ni mahali pamoja tu, pale kichwa kinapokutana na mpini. Kiungio kikibuniwa kwa akili, mswaki husafishika na kukauka. Kikibuniwa ovyo huwa hatari, au huwa pango la uchafu usioonekana.

Watu wa Pwani hawakungoja kiwanda kuwafundisha kubadili kichwa cha mswaki. Anayetumia kijiti cha mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica humenya ganda la ncha, huitafuna mpaka nyuzi zifunguke, kisha husugua meno. Nyuzi zikichakaa huikata ile ncha kwa kisu na kutafuna nyingine. Kichwa kilichochoka kinakwenda, mpini unabaki, na kila mara mdomo unapata nyuzi mpya. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya kijiti hicho katika maeneo ambako ni desturi. Vijiti hivyo bado vinauzwa kwa mafungu nje ya misikiti mingi, kuanzia Lamu hadi Unguja.

Mswaki wa kiwandani ulipita njia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi ulitengenezwa kwa nywele za nguruwe, ambazo zilikunywa maji na kuchelewa kukauka. Mwaka 1938 nyuzi za nailoni za kampuni ya DuPont ziliingia sokoni Marekani kwenye mswaki ulioitwa Dr. West's Miracle-Tuft. Nailoni ilikuwa hatua kubwa ya usafi, kwa sababu hukauka upesi. Kisha mwaka 1954 Philippe-Guy Woog alibuni nchini Uswisi mswaki wa umeme wa Broxodent, ambao kichwa chake kilitoka na kurudishwa. Sababu kubwa ilikuwa gharama: mota ni ghali, nywele ni rahisi, kwa hiyo familia moja ingeweza kutumia mota moja na kila mtu akawa na kichwa chake. Mpaka leo watengenezaji wengi wa miswaki ya umeme huweka pete za rangi mbalimbali kwenye vichwa, ili cha mama kisichanganyike na cha mtoto.

Uchafu wenyewe hukaa wapi? Chukua mswaki wa kawaida uutazame kwa karibu. Kila kifungu cha nywele kimekunjwa katikati, kikasukumwa ndani ya kitundu na kubanwa na kipande kidogo cha chuma. Chini ya vifungu hivyo, kwenye uso wa plastiki, ndiko dawa ya mswaki, mate na mabaki ya chakula yanakojikusanya. Kuusuuza kwa haraka chini ya bomba husafisha ncha za nywele tu. Shinani hubaki tabaka jeupe linaloteleza, ambalo baadaye huwa gumu.

Mahali mswaki unapowekwa pia pana neno. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Quinnipiac, Marekani, walieleza kwamba asilimia 60 au zaidi ya miswaki waliyoikusanya kwenye mabafu ya wanafunzi ilikuwa na bakteria wa kinyesi. Bafu ambalo choo na sinki vimo chumba kimoja si la Marekani peke yake. Lipo katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi.

Hata hivyo mbuni asiuze mswaki wake kwa hofu. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, kinasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kitabibu kwamba bakteria wanaoota kwenye mswaki huleta madhara fulani kwa afya. Ushauri wake ni wa kawaida kabisa: usiazimane mswaki, uusuuze mpaka mabaki yote yatoke, uusimamishe wima ukauke kwa hewa, usiufungie kwenye kikasha kila siku, na uubadilishe kila miezi mitatu au minne, au mapema zaidi nywele zikitawanyika. Dawa kuu mbili humo ni maji na hewa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mbuni yeyote ni jepesi: je, kichwa chako kinapotoka, maji na hewa vinafika mahali ambako zamani havikufika?

Hapo ndipo miswaki mingi ya kisasa imeteleza. Sonicare, mswaki wa umeme ulioingia sokoni Marekani mwaka 1992, kwa miaka mingi ulifungwa kichwa chake kwa pete ya kuzungusha. Maji na dawa viliingia chini ya pete ile, na asiyeifungua mara kwa mara alikuta ute mweusi umejificha ndani. Modeli ya FlexCare ya mwaka 2007 ikaja na kichwa cha kusukuma na kuvuta, bila pete. Sehemu ya kujifichia ikapungua na kazi ya kusuuza ikawa rahisi. Fundisho lake linauhusu mswaki wa mkono pia. Kila mfereji, kila uzi wa skrubu na kila shimo lisilo na njia ya kutokea ni makazi mapya ya uchafu. Mswaki wa kipande kimoja hauna kiungio kabisa, kwa hiyo anayekiongeza lazima athibitishe kwamba hakuongeza pango.

Kiungio kizuri kinaanza na mahali pake. Kisiwe shingoni, karibu na meno na midomo, bali kishuke chini kidogo, pale ambapo vidole vinashika. Hapo kikilegea mtu atahisi mkononi kabla kipande hakijaingia kooni. Kiwe kipana na laini, chenye pembe za mviringo ambazo kitambaa kinaweza kufuta. Shimo la mpini lisizibwe chini: litobolewe hadi upande wa pili, maji yaingie juu na kutoka chini. Na kichwa kisishikwe kwa msuguano wa plastiki peke yake. Kiwe na kikomeo kinachoingia kwa mlio unaosikika, ili mtoto na mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu wajue kimekaa.

Kuna hesabu ambayo watengenezaji wengi hawaipigi. Anayebadili kichwa kila miezi mitatu hukitoa mara nne kwa mwaka. Lakini kama lengo ni kusafisha, akakitoa mara moja kwa siku, hizo ni mara 365, na asubuhi na jioni ni mara 730. Plastiki laini haivumilii hivyo. Kikomeo hulegea kidogo kidogo, na dawa ya mswaki, ambayo ina unga wa chokaa au silika wa kusugulia ukoga, hukwaruza kiungio kila kinapofungwa. Mswaki unaosifiwa kwa kusafishika unaweza kuharibiwa na kule kusafishwa kwenyewe. Ndiyo maana sehemu ya kiungio inayochakaa inafaa iwe upande wa kichwa, ambacho kitatupwa baada ya miezi mitatu, na ile ngumu iwe upande wa mpini.

Halafu kuna maji yetu. Visima vingi vya Mombasa na vya ukanda wa Pwani hutoa maji ya chumvi au yenye magadi. Springi ya chuma cha kawaida ndani ya mpini itashika kutu, na ukoko mweupe utaziba njia ya maji. Mbuni anayefanya majaribio kwa maji laini ya maabara peke yake hajaujaribu mswaki wa Kisauni wala wa Kigamboni. Plastiki yenye kunyumbulika bila springi, au alumini iliyokingwa vizuri, ingefaa zaidi.

Kuhusu nguvu ya kushika, pana mahali pa kuanzia. Kiwango cha kimataifa cha miswaki ya mkono, ISO 20126, kinataka kifungu kimoja cha nywele kisichomoke kwa kani iliyo chini ya nyutoni 15, sawa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ikiwa kifungu kimoja kinadaiwa kiasi hicho, kichwa kizima kinastahili kudaiwa zaidi, na kidaiwe baada ya kufungwa na kufunguliwa mara mia kadhaa, si kikiwa kipya kutoka kwenye boksi. Waliojeruhiwa na Spinbrush hawakuwa na njia ya kufanya jaribio hilo kwenye sinki lao. Ni kazi ya kiwanda na ya serikali.

Sasa tuje kwenye pesa. Mtu mmoja akibadili mswaki kila miezi mitatu hutumia miswaki minne kwa mwaka. Familia ya watu sita hutumia 24, na kwa miaka kumi ni 240. Sehemu kubwa ya plastiki yake imo kwenye mpini, na mpini haukuwa na kosa lolote siku ulipotupwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, lakini mpini wa mswaki uliendelea kwenda jalalani bila mtu kuuliza. Kuurejeleza ni kazi ngumu, kwa kuwa plastiki, nailoni na chuma vimeshikana. Kubadili kichwa peke yake kunapunguza mzigo huo palepale nyumbani. Colgate imeleta mswaki uitwao Keep, wenye mpini wa alumini na kichwa cha kubadilisha, na inatangaza kwamba unapunguza taka za plastiki kwa asilimia 80 ukilinganishwa na miswaki yake ya ukubwa huo. Ufaransa wapo Lamazuna, Ujerumani wapo Yaweco, nao wanauza vichwa vya kubadilisha.

Shida ni kwamba kwa kawaida kichwa cha kampuni moja hakiingii kwenye mpini wa kampuni nyingine. Aliyenunua mpini amefungwa. Vichwa vikipanda bei, au duka likaacha kuviagiza, mpini wake unakuwa taka kama ule wa zamani, tena taka ya gharama kubwa zaidi. Na kama kichwa kinauzwa bei ya mswaki mzima, mama mwenye watoto watano atanunua mswaki mzima, na atakuwa amefanya hesabu sahihi.

Mambo si lazima yawe hivyo. Anayekwenda dukani kununua balbu husema tu kama anataka ya pini au ya kuzungusha, na ya kampuni yoyote itaingia, kwa sababu ya pini ina kitako cha milimita 22 na ya kuzungusha milimita 27. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji wa simu mpya kutumia tundu moja la chaji, USB-C, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, baada ya miaka mingi ya kila kampuni kuwa na waya wake. Kiungio cha mswaki ni kitu kidogo kuliko vyote hivyo, na hakina umeme.

Mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, pamoja na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi, tayari wana utaratibu wa kuandika viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakae na vyama vya madaktari wa meno na wenye viwanda vya plastiki wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambao mashine na kalibu wanazo. Waandike kipimo kimoja cha kiungio: upana wake, kani ya kukichomoa, idadi ya mara za kufunga na kufungua, njia ya maji iliyo wazi pande zote mbili, na jaribio la maji ya chumvi. Wakiruhusu kila kiwanda kutengeneza vichwa vya kipimo hicho, ushindani utashusha bei, na muuza duka wa mtaani ataweza kutundika pakiti ya vichwa vinne, vya mwaka mzima vya mtu mmoja, kando ya nyembe na vibiriti.