Tuogope kwa Mpangilio

Msimu wa joto ukianza, ujumbe ule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na ya kazini: usinywe maji ya chupa yaliyosahaulika ndani ya gari, utapata saratani ya matiti. Ni ujumbe mkongwe. Ulianza kuzunguka kwa barua pepe, na ili uwe na uzito ukapachikwa jina la Sheryl Crow, mwimbaji wa Marekani aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huo mwaka 2006. Mwenzake ni ule unaodai kwamba maji yakigandishwa ndani ya chupa ya plastiki, chupa hutoa dioksini, kemikali yenye sumu. Huo ulipachikwa jina la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ilhali mtafiti wa chuo hicho hicho, Rolf Halden, alijitokeza mwaka 2004 kuukanusha na kueleza kwamba baridi hupunguza kasi ya kemikali kutoka kwenye plastiki. Kanusho lake halikufika mbali. Ujumbe bado unasafiri.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya chupa ya plastiki na afya ya anayeinywea. Makala zilizomo zinaingia kiwandani, jikoni, shuleni na jalalani. Ukurasa huu una hoja moja tu ya kumkabidhi msomaji kabla hajaendelea: chupa ina madhara ya kweli, ila tumeyapanga kichwa chini miguu juu. Dogo tunalipigia kelele, kubwa tunalitenda kila siku kwa mikono yetu.

Tuanze na chupa yenyewe. Ile nyembamba ya dukani, ya nusu lita au ya lita moja na nusu, ni ya plastiki iitwayo PET, ambayo Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont aliipatia hataza kama chupa ya vinywaji mwaka 1973. Igeuze, kitakoni utaona pembetatu yenye namba 1. Plastiki hii haitengenezwi kwa bisfenoli A, kemikali inayotajwa sana kwa kifupi chake, BPA. Iliyonayo ni mabaki ya antimoni, madini yanayotumika kuharakisha utengenezaji wake. Mwaka 2006 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wakiongozwa na William Shotyk, walionyesha kuwa antimoni hiyo huingia kwenye maji kidogo kidogo kadiri chupa inavyokaa.

Inaingia, sawa, kiasi gani? Jibu lilitoka Arizona, jimbo la Marekani linalojua jua la jangwani. Utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba chupa ikikaa kwenye joto la nyuzi 60 za selsiasi usiku na mchana, hupita siku 176 ndipo maji yavuke kikomo cha Marekani, ambacho ni mikrogramu 6 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni kikubwa zaidi, mikrogramu 20. Lakini kwenye nyuzi 80 siku hizo 176 hupungua hadi mbili na ushee.

Hapo pana faraja na pana onyo. Alasiri moja ndani ya gari haitoshi kuyageuza maji kuwa sumu. Ladha ile ya plastiki unayoisikia hutokana zaidi na asetaldehidi, ambayo ulimi huitambua hata ikiwa chembe tu. Onyo ni kwamba joto likikaribia la kuchemka hesabu hubadilika kabisa. Kwa hiyo anayejaza chai ya moto kwenye chupa ya maji ili apeleke shambani, au anayefunika wali kwa mfuko wa nailoni ili uive kwa mvuke, ana sababu zaidi ya kujiuliza kuliko aliyesahau chupa kwenye kiti cha nyuma. Ajabu ni kwamba huyo wa wali hajawahi kutumiwa ujumbe wowote.

Na kama jua peke yake lingeifanya chupa kuwa muuaji, Wamaasai wa Kajiado wangekuwa mashahidi wa kwanza. Huko, katika miaka ya 1990, watafiti walizigawa familia makundi mawili: watoto wa kundi moja wakanywa maji yaliyoanikwa juani juu ya paa katika chupa za plastiki, wa kundi la pili wakanywa yaliyowekwa ndani ya nyumba katika chupa za aina hiyo hiyo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996. Walioanikiwa maji walipungukiwa na kuhara, hasa kule kukali. Miale ya jua pamoja na joto huua vijidudu, na njia hiyo imeenezwa katika nchi nyingi, hasa na taasisi ya Eawag ya Uswisi: chupa safi ya PET, maji yasiyo na tope, saa sita za jua kali. Chupa juani, jambo tunalokatazana kwa hofu, kwa wenzetu limekuwa kinga. Aliyebaki na maji ya kisimani bila mkaa wa kuyachemshia hana anasa ya kuogopa antimoni kabla ya vijidudu.

Pana mahali ambapo hofu ya kemikali inastahili nafasi yake. Geuza lile dumu kubwa la ofisini, la karibu lita 19, linalopinduliwa juu ya mashine ya maji. Baadhi ya madumu hayo ni ya PET, lakini yaliyo magumu na yanayorudishwa kiwandani kujazwa tena mara nyingi ni ya polikaboneti, pembetatu yake ikiwa na namba 7, na polikaboneti hutengenezwa kwa BPA. Kemikali hii huiga homoni mwilini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia upya ushahidi na kushusha kiwango inachokiona salama kwa siku takribani mara 20,000 kutoka kile cha awali. Mwishoni mwa 2024 Umoja huo ukaamua kuiondoa katika karibu vifaa vyote vinavyogusa chakula. Dumu la polikaboneti lililochubuka, lililopikwa na jua nyuma ya pikapu wiki baada ya wiki, lina kesi ya kujibu. Mnunuzi ana haki ya kuuliza ni la aina gani na limezunguka kwa muda gani. Nasi tungependa kuona wakaguzi wetu wa viwango wakiliuliza dumu maswali hayo hayo, badala ya kuishia kwenye maji yaliyomo.

Halafu kuna chembe za plastiki zenyewe. Mwaka 2018 Sherri Mason na wenzake wa chuo kikuu cha Fredonia, jimbo la New York, walipima chupa 259 kutoka nchi 9, wakakuta chembe katika chupa 93 kati ya kila 100. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa kifaa kinachoona vidogo zaidi, walihesabu kwa wastani chembe kama 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa, nyingi zikiwa ndogo kiasi cha kuweza kupenya hadi ndani ya seli. Joto hapa pia ni mchochezi: watafiti wa Dublin mwaka 2020 walionyesha kuwa chupa za kunyonyeshea za polipropilini humwaga chembe kwa mamilioni katika kila lita, na maji yakiwa ya moto idadi hupaa. Mama anayekoroga maziwa ya unga afanye hivyo kwenye chombo cha kioo au chuma, yapoe, ndipo ayatie kwenye chupa ya mtoto.

Chembe hizo zinatufanya nini? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba kwa viwango vilivyojulikana hazikuonekana kuwa tishio, likaongeza kuwa ushahidi ni haba. Mwaka 2024 madaktari wa Italia waliripoti kwamba wagonjwa waliokutwa na plastiki ndani ya mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo zaidi ya mara nne kuliko wenzao wasiokutwa nayo. Huo ni uhusiano. Haujathibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Mwenye busara hapuuzi habari hiyo, wala haihubiri kama hukumu. Anapunguza pale anapoweza, huku akijua kwamba plastiki huingia mwilini hata kwa vumbi la nyumbani.

Sasa tufike kwenye makubwa. Chupa zetu hazifi zikimaliza maji ya kwanza. Zinaokotwa, zinasuuzwa, zinajazwa juisi ya miwa, maziwa, asali, mafuta ya kula, au maji mengine yanayouzwa stendi kama mapya. Shingo nyembamba ya chupa haipitishi mkono wala brashi, utando wa vijidudu ukishaota ndani haung'oki kwa kutikisa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea sehemu kubwa ya nchi haukuhitaji BPA. Ulihitaji maji machafu na chombo cha kuyabeba.

Baya zaidi ni chupa inayogeuzwa kuwa ghala la sumu. Mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kuua magugu, maji ya betri: vyote huwekwa kwenye chupa ya maji au ya soda, kwenye kona ambayo mtoto wa miaka miwili anaifikia. Yeye ameshafundishwa kwamba chupa ile ni ya kunywa. Mafuta ya taa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya watoto kunywa sumu katika nchi zetu, na hudhuru zaidi yanapoingia mapafuni, ndiyo maana mtoto aliyeyanywa hatapishwi wala hanyweshwi maziwa, anakimbizwa hospitali. Hapa hatusubiri utafiti. Jambo hili linazuilika leo jioni, bila senti.

Mwisho, moshi. Tunaogopa dioksini kwenye friza ambako haipo, kisha tunaitengeneza uani. Takataka zilizochanganyika, zenye mabaki ya nyaya, ngozi ya bandia na plastiki za PVC, zikichomwa kwa moto hafifu hutoa dioksini, ile ile ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaitaka dunia iipunguze. Chupa ikitumika kuwashia jiko la mkaa, masizi yake humpata kwanza anayepuliza moto, na mara nyingi huyo ana mtoto mgongoni.

Ukiyapanga hivi, utaona kwamba mengi kati ya hayo yana mzizi mmoja. Tunabeba chupa kwa sababu hatuliamini bomba, au halipo. Bei ya chupa moja ya lita moja na nusu ingenunua mamia ya lita za bombani, na asiyeimudu ndiye anayejaza tena chupa iliyookotwa. Kwa hiyo mjadala wa chupa ukiishia kwenye chupa, tunakuwa tumewasaidia wenye uwezo kuchagua za kioo na chuma, na wengine tumewaachia hofu.

Gazeti hili linadai mambo matatu: maji ya bomba yanayonyweka, na vipimo vyake vitangazwe mtaa kwa mtaa; aina ya plastiki na tarehe ya kutengenezwa viandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka kwenye kila dumu linalorudiwa; na takataka zikusanywe, ili asiwepo wa kuzichoma kwa kukosa pa kuzipeleka. Wasomaji nao tunawaomba jambo jepesi zaidi: ujumbe wa chupa na saratani ukikufikia tena, usiufute tu. Mjibu aliyekutumia, umuulize mafuta ya taa nyumbani kwake yamewekwa kwenye chombo gani.

Mhariri