Mwendesha baiskeli, bakisha nguvu za kazi

NAULI ya matatu inapopanda ghafla, huwa najua ni wagonjwa wa aina gani watakaoingia katika kliniki yangu majuma mawili baadaye. Wengi ni wanaume wa miaka thelathini hadi hamsini, na siku hizi wanawake pia, wakaao Kayole, Dandora, Umoja au Komarock na wafanyao kazi katika Eneo la Viwandani. Mmoja atalalamikia goti. Wa pili atasema kifua kinambana kila afikapo langoni. Wa tatu hana maumivu yoyote, ila inapofika saa nne asubuhi anasinzia kwenye mashine, na msimamizi amekwisha kumwonya mara mbili. Wote watatu walitoa baiskeli stoo, wakaijaza upepo, wakaiendesha kama watu waliofukuzwa.

Niseme tangu mwanzo kwamba siipingi baiskeli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma. Anayetoka Kayole hadi barabara ya Lunga Lunga kwa dakika 45, akarudi kwa dakika 45, siku tano kwa juma, amepata dakika 450. Huyo hana haja ya kulipia ukumbi wa mazoezi wala kukimbia Jumamosi. Mazoezi anayo ya kutosha na kusaza. Lakini mwongozo unasema mazoezi "ya wastani", na hilo ndilo neno ambalo waendeshaji wetu hulisahau mara tu wanapopitwa na baiskeli nyingine.

Hebu tupige hesabu. Chukua safari ya kilomita 12. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa utatumia dakika 48. Ukikazana ufikishe kilomita 18 kwa saa utatumia dakika 40. Umeokoa dakika nane. Je, umelipa nini? Ile sehemu ya nguvu zako inayotumika kupasua upepo imeongezeka kwa karibu robo tatu, kwa sababu upepo hauongezi upinzani wake polepole jinsi mwendo unavyoongezeka. Huuongeza kwa kasi kubwa. Misuli ya mapaja inapozidiwa namna hiyo huanza kuunguza sukari yake kwa pupa, nawe unafika kazini ukiwa umekwisha kutumia akiba ambayo ingekufikisha saa saba mchana. Dakika nane hizo ungeweza kuzipata bure kwa kuamka dakika nane mapema.

Tena kuna jambo ambalo wakazi wengi wa Eastlands hawalitambui kwa kuwa halionekani kwa macho. Asubuhi mnapanda mlima. Tazameni Mto Nairobi na Mto Ngong: yote miwili hutiririka kutoka upande wa magharibi kuja mashariki, na maji hayana desturi ya kupanda. Kwa hiyo mtu atokaye Dandora au Kayole kwenda mjini anapanda kidogo kidogo karibu njia nzima, huku tumbo likiwa tupu na misuli ikiwa bado baridi. Jioni anateremka, lakini hapo nao upepo wa Nairobi, ambao aghalabu huvuma kutoka mashariki, humkuta usoni. Ndiyo maana wengine huniambia kwamba baiskeli yao "ni nzito pande zote mbili". Hawasemi uongo.

Na baiskeli zenyewe! Nyingi ni zile nyeusi tunazoziita Black Mamba, chuma kitupu, uzito wake unakaribia kilo 20 au zaidi, tena gia ni moja. Mwenye baiskeli kama hiyo hawezi kubadilisha gia penye mwinuko. Anachoweza kubadilisha ni mwendo tu. Penye mwinuko mkali, shuka uisukume. Najua vijana hucheka. Wacheke. Mita mia mbili za kusukuma zitakupotezea dakika moja au mbili na kukuokolea mapaja. Mwenye gia naye atumie gia nyepesi, miguu izunguke upesi bila kusukuma kwa nguvu, badala ya kung'ang'ania gia nzito akidhani ndio uanaume.

Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Austria, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, sisi madaktari tulivutiwa na usawa wa mwendo wake kuliko hata kasi yenyewe. Kilomita ya kumi na ya thelathini zilikuwa karibu sawa, kila moja kama dakika 2 na sekunde 50. Alikuwa na wasindikizaji 41 waliopokezana kumkinga na upepo, na gari lililomulika barabarani kuwaonyesha mwendo. Wewe wa Kayole huna gari la kukumulikia. Una pumzi zako, na zinatosha kabisa kuwa kipimo.

Kipimo chenyewe ni hiki. Ukiwa njiani, msalimu mwenzako na umwulize habari za watoto. Ukimaliza sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi, uko sawa. Ukitoa neno moja moja huku unahema, umezidisha; punguza mpaka maneno yarudi. Dakika kumi za kwanza ziwe za polepole zaidi kuliko unavyotaka, maana moyo na misuli huhitaji muda wa kuamka. Na unaposimamishwa kwenye makutano, usiondoke kwa kishindo. Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa ilitengewa njia za miguu na za baiskeli, lakini atakayezipita asubuhi atakuta bodaboda na wachuuzi, atasimama mara ishirini. Akiondoka mbio mara zote ishirini, amefanya kazi ya safari mbili.

Suala la pumzi lina upande wa pili ambao hunitia wasiwasi zaidi. Mtu aliyeketi kitako huvuta hewa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Anayeendesha baiskeli kwa kiasi huvuta lita 30 hivi au zaidi. Anayekazana anaweza kupita lita 60, tena anaivuta kwa mdomo, bila pua kumchujia vumbi. Sasa fikirieni hewa yenyewe ni ipi: moshi wa matatu na malori katika barabara ya Jogoo, vumbi la viwanda, na moshi wa jaa la Dandora, ambalo lilianza katika miaka ya sabini, likatangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na bado linapokea taka za jiji. Kukazana nyuma ya basi linalotoa moshi mweusi ni kujimiminia uchafu huo kifuani. Liache litangulie. Na ukiweza kupita njia za ndani ya mitaa, hata zikirefusha safari kidogo, zipite. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta.

Chakula sina mengi ya kusema. Kikombe cha uji au chai na viazi vitamu kabla ya kuondoka, maji njiani, na kitu kingine ufikapo. Anayeondoka na chai ya rangi pekee asishangae mikono ikimtetemeka.

Anayeanza upya asiiendeshe siku tano. Siku tatu kwa juma, akipumzika siku moja katikati, kwa mwezi wa kwanza. Siku zile nyingine apande matatu au atembee. Aliyepita miaka arobaini, au mwenye shinikizo la damu au kisukari, apimwe kwanza. Na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabanwa, au maumivu yanashuka mkononi au kupanda tayani, au kizunguzungu na jasho la baridi, shuka, keti chini na uombe msaada wa kupelekwa hospitali. Usiseme utapumzika ukifika.

Sina haja ya kuwatajia methali ya haraka na baraka. Watu wa Eastlands wanaijua. Ila lango la kiwanda haliijui. Kibarua anayefika dakika tano baada ya saa mbili hukuta limefungwa, na siku hiyo hana ujira. Hapo ushauri wangu wote wa kwenda kwa kiasi hugonga ukuta, na nadhani ni wakati waajiri waambiwe waziwazi. Mtu aliyekimbizwa na saa kwa kilomita 12, kisha akapelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya kukatia mabati, ni hatari kwake na kwa wenzake. Miguu inamtetemeka na akili imechoka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na mahali pa kunawa. Hayo si hisani. Mimi ningeongeza robo saa langoni kwa wanaokuja kwa baiskeli, ya kunywa maji, kunawa na kutulia, na banda la kufungia baiskeli ili mtu asiwe anashona nguo huku moyo uko nje. Fundi aliyekatwa kidole humgharimu mwenye kiwanda zaidi ya robo saa, hata tukiuacha kando uchungu wa fundi mwenyewe.

Wanaofanya ovataimu wajue kwamba Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Baada ya hapo, punguza mwendo hata kama unateremka. Taa mbele, kiakisi mwanga nyuma.

Limebaki goti. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huletwa na kiti kilichowekwa chini mno, kama wafanyavyo wengi ili miguu ifike chini wakisimama. Keti kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Goti likibaki limekunjika, inua kiti, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Wagonjwa wangu wa magoti huwaambia waje na baiskeli yenyewe. Spana ninayo kwenye droo, karibu na kipima presha.