Mtoto Arudi Nyumbani Jioni

Ndugu wanachama, katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa yuko mtoto ambaye wageni hawamwoni. Hodi ikipigwa, hupelekwa chumba cha nyuma. Hakuiba wala hakutukana mtu. Kosa lake ni kwamba haoni, au hasikii, au akili yake yakua polepole. Mzazi wake husema, "Huyu hana shule." Twasema wazi: shule ni haki yake, na kazi ya mzazi ni kuichagua, si kumficha mtoto.

Zamani hapakuwa na la kuchagua. Shule ya kwanza ya wasioona ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma. Viziwi wakapata yao Tabora mwaka 1963 kwa juhudi za Kanisa Katoliki. Twawashukuru waanzilishi hao. Lakini mtoto wa Tukuyu au Mafinga aliyetaka kusoma huko hakuwa na budi kuwaaga wazazi wake na kulala bweni, na mtoto mdogo akikaa mbali miezi mingi hurudi kwao kama mgeni.

Leo mambo yamebadilika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu sawa na wenzake. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Viko vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida, ambako mtoto husoma mchana na kurudi nyumbani jioni. Basi swali si kama asome au asisome. Swali ni asome wapi.

Mzazi asichague kwa kutazama kibao cha mlangoni. Aende mwenyewe siku ya masomo, aketi darasani, aulize. Je, mwalimu amesomea elimu maalumu, kama wale wanaotoka Chuo cha Patandi, Arusha? Asiyeona ana mashine na vitabu vya nukta nundu, au amekaa tu kusikiliza? Mwenye ulemavu wa akili anafundishwa kuvaa, kuhesabu fedha na kazi za mikono, au anachungwa tu mpaka saa nane? Kiti cha magurudumu chafika chooni? Kiziwi naye, je, anao viziwi wenzake wa kuzungumza nao kwa lugha ya alama? Kama hanao, atakuwa mpweke katikati ya watu, na hapo bweni laweza kumfaa zaidi. Kuchagua bweni kwa sababu hiyo si aibu. Aibu ni kumpeleka mtoto bweni ili asionekane mtaani.

Mzazi aipime na njia pia. Nyanda za Juu si tambarare. Anayetoka Ipogolo kwenda Iringa mjini hupanda mlima, na wakati wa mvua mtoto wa magongo hawezi kuupanda. Shule isiyo na ada lakini isiyofikika haijawa bure bado.

Hapo ndipo Chama kinapoingia. Kila tawi liwajue watoto hawa katika eneo lake. Wazazi wa njia moja wachangie bajaji moja. Madiwani tuliowachagua sisi waulizwe kikaoni: fedha za usafiri wa watoto hawa ziko wapi katika bajeti ya halmashauri?

Asidhani mtu kwamba ni kazi bure. Neema Crafts ilianza pale Iringa mwaka 2003 na vijana viziwi, ikawafundisha watu wenye ulemavu kazi za mikono, wakala jasho lao wenyewe.

Katiba ya TANU ilitamka kwamba binadamu wote ni sawa. Usawa huo hauwezi kukomea kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Ufungueni mlango huo, ndugu, na asubuhi mshikeni mtoto mkono mwende shule.